Vipanya vya gemu: ukifika dukani uliza swichi kwanza

Siku niliyojua kipanya changu kimekwisha, aliyeniumbua alikuwa nguruwe mwitu.

Wachezaji wa Age of Empires II mnaijua hiyo sehemu. Dakika za mwanzo unamchukua mwanakijiji mmoja, unamtuma akamchokoze nguruwe, naye akishamtia hasira anageuka mbio hadi nyumbani, ambako wenzake wanamalizana na mnyama. Anakwenda mmoja tu. Usiku ule nilimbofya mmoja, nikambofya nguruwe, na kijiji kizima kikaacha kondoo na kuni kikaandamana kwenda porini. Mdogo wangu, ambaye hucheza nami akiwa Arusha, akauliza, "Dada, unahama?"

Katika gemu hiyo ukimbofya mtu mara mbili haraka haraka unawakamata wote wa aina yake waliomo kwenye skrini. Mimi nilibofya mara moja. Mbofyo wa pili kipanya kilijiongezea chenyewe.

Kilikuwa na miezi saba. Nilikinunua Kariakoo kwa shilingi 45,000, kinawaka rangi zote kama kipanya cha Mbagala cha zama zile, namaanisha zile daladala za Hiace. Kampuni siitaji, kwa sababu ugonjwa huu si wa kampuni moja. Umo kwenye vipanya vya elfu kumi na umo kwenye vya laki mbili, na karibu kila ninayecheza naye umewahi kumpata, ila wengi hawaujui. Wanasema "mausi imechoka" au "kompyuta ina virusi". Faili unaloliburuta linadondoka njiani. Unafunga ukurasa mmoja wa intaneti, na wa jirani nao unafungika. Kwenye Counter-Strike bunduki ya AWP ina hatua mbili za kuvuta karibu. Unabofya kulia mara moja upate ya kwanza, unajikuta kwenye ya pili, unakodolea tofali la ukuta huku mtu anakumaliza kutoka pembeni.

Kwa hiyo leo nazungumzia kitu kimoja. DPI, ile namba ya wepesi wa mshale, sigusi, hata kipanya cha bei ya chini siku hizi kina DPI nyingi kuliko utakazowahi kutumia. Mataa sijadili. Uzito, kila mtu na mkono wake. Shida yangu ni kidude kikubwa kidogo kuliko punje ya hindi kilichokaa chini ya kitufe cha kushoto.

Nilikifungua

Skrubu zimefichwa chini ya vile viraka laini vya kutelezea. Ukivibandua kwa kucha unaziona. Ndani, chini ya kila kitufe, kuna kiboksi cheusi chenye kichwa kidogo kinachochomoza juu. Hiyo ndiyo swichi. Kifuniko chake nilikitoa kwa ncha ya wembe, nikakuta kipande cha shaba chembamba kama ganda la kitunguu, kimepindwa mithili ya upinde. Ukibonyeza, upinde unaruka chini, unagusa ncha ya chuma, umeme unapita, unasikia "tik". Ukiachia unarudi juu.

Upinde mpya unatua na kutulia. Ukichoka, au ncha zikishika utando wa kutu na uchafu, unatua, unadunda, unatua tena, na kompyuta inahesabu kila mguso. Watengenezaji wanalijua hilo, ndiyo maana kipanya huwa kimeelekezwa kupuuza mguso wowote unaokuja milisekunde chache baada ya ule wa kwanza. Ila kwenye vipanya vya gemu muda huo mara nyingi hufupishwa ili kijibu upesi, kwa hiyo mdundo ambao kipanya cha ofisini kingeumeza, cha gemu kinaupitisha.

Na sisi wa pwani tuna la ziada. Ninakaa Kigamboni, ambako bawaba za dirisha zinahitaji mafuta kila baada ya muda. Sina haja ya kumweleza mtu wa huku hewa ya chumvi inaifanya nini shaba.

Sasa twende kwenye zile namba za kwenye boksi: milioni 10, milioni 50, milioni 70. Ni mibofyo ambayo swichi imekadiriwa kuhimili. Milioni 10 zinasikika kama utazirithisha wajukuu. Piga hesabu. Mimi kwenye mechi nabofya kama mara 100 kwa dakika, na wala si mchezaji wa kutisha. Hiyo ni 6,000 kwa saa. Saa nne kwa siku, 24,000. Milioni 10 zinaisha siku ya 416, yaani mwaka mmoja na siku 51. Mhasibu anayebofya mara 3,000 kwa siku, swichi hiyo hiyo inamfikisha miaka tisa. Ndiyo maana muuzaji anakuapia kwamba cha kwake kina miaka sita na hakijamsumbua. Hadanganyi. Anauza, hachezi.

Kwa mwendo wangu, milioni 50 ni miaka mitano na miezi minane. Milioni 70 zinakaribia miaka minane. Hapo bado hujatia jasho la kiganja, joto la Februari, na ile hasira ya kukigonga mezani ukifungwa. Changu cha milioni 10 kilifika miezi saba, chini ya milioni tano na nusu.

Ninachopendekeza kwanza: Razer, ila si kila Razer

Naungama mapema kwamba mimi ni mtu wa Razer, kampuni ile ya vifaa vya gemu, na mdogo wangu ananicheka kwa hilo. Mwaka 2019 walitoa Viper yenye swichi za mwanga. Humo umeme haungoji shaba iguse chuma. Kuna mwali mdogo wa infraredi, na kitufe kikibonyezwa mwali ndio unaotoa taarifa. Hakuna ncha za kushika kutu, na mdundo wa ncha haupo. Swichi hizo zimekadiriwa mibofyo milioni 70.

Ninachotumia sasa ni Basilisk V3, iliyotoka mwaka 2021. Nina nayo mwezi wa 19 na wanakijiji wangu wanakwenda mmoja mmoja. Ni nzito, gramu 101, ina mahali pa kulaza kidole gumba, na gurudumu lake linaweza kuzunguka bure ukitaka kushuka kurasa ndefu. DeathAdder V2 ya mwaka 2020 nayo ina swichi za mwanga, ikiwa unapenda umbo la kujaza kiganja. Mwenye mkono mdogo au anayetaka kitu chepesi aitafute Cobra ya 2023, gramu 58.

Mtego sasa, na hapa naomba usome taratibu. Kuna DeathAdder Essential. Umbo lake ni lile lile la kifamilia, nyoka wa nembo ni yule yule mgongoni, taa ni ya kijani, na ndiyo imejaa madukani kwa sababu bei yake ni nafuu. Swichi zake ni za shaba, milioni 10. Muuzaji atakwambia DeathAdder ni DeathAdder. Orochi V2 isiyo na waya vilevile si ya mwanga, ingawa shaba yake imekadiriwa milioni 60.

Halafu kuna mtego wa neno "optical". Kwenye boksi la Essential limeandikwa, tena kwa herufi za kuonekana. Mimi mwenyewe kijana mmoja alinionyesha kwa kidole: "Si hii hapa dada, optiko?" Ile ni habari ya jicho la chini, linalosoma meza. Karibu kila kipanya kimekuwa na jicho la mwanga tangu tulipoachana na vile vya kigololo. Unachotafuta ni neno hilo likiwa limeshikana na neno "switch". Ukiliona peke yake, au limeshikana na "sensor", rudisha boksi.

Cha pili: ASUS ROG Gladius III

Hawa wamelikabili tatizo kwa njia ya kifundi na nimewavulia kofia. Swichi hazikulehemiwa, zimechomekwa kwenye soketi. Ikifa unafungua, unaing'oa kwa kibanio, unachomeka nyingine, unaendelea na mechi. Inakubali swichi za shaba za miguu mitatu na hata za mwanga za kampuni ya Omron za miguu mitano. Ningeiweka juu kama ingepatikana. Dar nimeiulizia maduka manne na nikaishia kuonyeshwa kibodi. Ukiwa na ndugu anayekuja kutoka Dubai, mwagize.

Cha tatu: Logitech, kwa masharti

Kuanzia G502 X ya mwaka 2022 wameingiza swichi za mchanganyiko: mwanga unatoa taarifa, na chuma kinabaki kwa ajili ya ule mlio na mguso wa kidole. Nilijaribu ya rafiki yangu na mbofyo wake ni mtamu kuliko wa Razer, niseme ukweli hata kama unaniuma. G502 Hero, ile ya zamani yenye vyuma vidogo vya kuongeza uzito, ni shaba ya milioni 50. Si mbaya ukipewa bei nzuri. G102 inayopendwa sana na wanafunzi ni milioni 10. Umeshaiona hesabu yangu.

Vya bei ya chini

Vya elfu kumi na tano vyenye picha ya joka ni vya kufanyia Excel. Ikiwa bajeti ndiyo hiyo, nunua viwili.

Mtumba pia nakataza. Televisheni ya mtumba sawa, kipanya hapana, kwa sababu swichi haionyeshi umri wake kwa nje. Tena ile raba laini ya ubavuni, joto letu likiipata, inayeyuka kidogo kidogo hadi inanata kama imepakwa asali, na hakuna spiriti itakayoirudisha.

Jaribu kabla hujalipa

Kipimo hiki kimo ndani ya Windows na hakihitaji intaneti. Fungua mipangilio ya zamani ya kipanya, pale pa kurekebisha kasi ya kubofya mara mbili. Kuna picha ya folda ambayo hufunguka na kufungika ukiibofya mara mbili. Wewe ibofye mara moja, nyamaza kama sekunde mbili, ibofye tena mara moja. Fanya hivyo mara hamsini. Folda ikifunguka hata mara moja tu, swichi ni mbovu, hata kama kipanya kimetoka kwenye nailoni yake sasa hivi. Kisha shikilia kitufe uburute faili kuzunguka skrini polepole; lisikudondoke.

Mimi niliporudi na kile kipanya changu niliwafanyia kipimo hicho mbele ya kaunta. Folda ilifunguka mara sita. Muuzaji akatazama, akaniambia hiyo ni Windows. Tukachomeka kipanya cha kwake, folda ikatulia tuli. Akasema basi nimekitumia sana. Nikamuuliza, kipanya kilichoandikwa "gaming" kwa herufi nyekundu nilipaswa nikitumie kidogo? Waranti, akasema, ilikuwa ya wiki moja, na haihusu vitufe. Sasa kipanya kina nini kingine zaidi ya vitufe? Waya?

Bei nayo ni mchezo mwingine. Basilisk yangu niliiulizia ndani ya jengo moja, ghorofa mbili tofauti, nikatajiwa 280,000, kisha 235,000, kisha 220,000 kwa kijana aliyetoka mbio kwenda kuichukua kwenye duka lile la 280,000. Nilimwona kwa macho yangu akishuka nayo ngazi. Bei haibandikwi popote. Anakutazama viatu kwanza. Na ukiuliza habari za swichi anajua humtoki kirahisi, anaanza kukuita "mama". Nina miaka 29.

Usikitupe cha zamani

Kipanya cha shaba kinatibika. Fundi simu yeyote mwenye mkono mtulivu anaweza kuilehemua swichi ya miguu mitatu na kuweka nyingine. Niliagiza swichi za Kailh GM 8.0, zilizokadiriwa milioni 80, na fundi wa Ferry akanitoza elfu kumi kwa zote mbili, kushoto na kulia. Mwambie aweke mpya zote kwa pamoja, maana mlio ukitofautiana utakukera. Akikushauri aunyooshe ule upinde wa shaba badala ya kubadilisha, mkatalie. Kwangu alifanya hivyo mara ya kwanza na ilidumu siku tisa.

Hicho kipanya cha mataa sasa anakitumia mama kuchezea karata kwenye kompyuta ya sebuleni. Taa ameniomba nizizime, anasema zinaita mbu.