DNeasy Blood & Tissue kwa sampuli za mijusi na nyoka: alama 4 kati ya 5

Seti hii ya kampuni ya Qiagen, ya kutoa DNA kwenye damu na tishu, hunasa DNA kwenye utando wa silika, na kwa ncha ya mkia wa mjusi ni vigumu kupata iliyo rahisi kuliko hii. Mazao yake yanatosha kabisa kusoma jeni za mitokondria kama ND2 na saitokromu b. DNA ya mitokondria ndiyo iliyoonyesha mwaka 2004 kwamba mijusi wa jamii ya Anolis sagrei waliozagaa Florida waliingia kutoka sehemu mbalimbali za Kuba, si chini ya mara nane.

Tishu isizidi miligramu 25. Kama ilihifadhiwa kwenye ethanoli, ikaushe kwanza, kisha ikatekate iwe laini. Weka mikrolita 180 za bafa ATL (ya kuyeyusha tishu) na 20 za proteinesi K, kimeng'enya kinachovunja protini, uache kwenye nyuzi 56 za Selsiasi. Hapa ndipo wengi wanapoharibu. Saa moja hadi tatu zinatosha ini au msuli, lakini ngozi yenye magamba iache usiku kucha. Magamba yakibaki, yazungushe kwenye mashine ya sentrifuji yatuame na uchukue maji ya juu tu, la sivyo utando utaziba.

Damu ina mtego wake. Chembe nyekundu za reptilia zina kiini, kwa hiyo mikrolita 5 hadi 10 tu zinatosha. Ukimimina 100 kama unavyofanya kwa mamalia, utapata uteute mzito usiopita na DNA kidogo kuliko uliyotarajia. Tumia mirija yenye EDTA ya kuzuia damu isigande. Heparini, ambayo nayo huzuia kuganda, huzuia pia PCR, yaani kunakili DNA kwa wingi.

Gamba alilojivua nyoka karibu lote ni keratini, protini ngumu. Ongeza DTT, kemikali ya kuilegeza ambayo haimo kwenye boksi, na usitegemee vipande virefu, hasa kama gamba lilinyeshewa.

Bafa za kuoshea, AW1 na AW2, huja bila ethanoli. Asiyeiongeza anaosha DNA yake na kuimwaga. Baada ya AW2, zungusha dakika 3 kwa kasi ya juu, kwani ethanoli iliyobaki huvuruga PCR. AL (bafa ya kupasua chembe) na AW1 zina chumvi ya guanidini: zikimwagika, usifute kwa dawa ya klorini.

Kijitabu kinashauri kuitoa DNA kwenye utando kwa mikrolita 200 za AE, bafa ya mwisho. Kwa mjusi mdogo ni maji mengi mno. 100 zinafaa zaidi, ingawa jumla ya DNA hupungua kidogo.

Alama moja tumeikata kwa sababu RNase A, kimeng'enya kinachoharibu RNA, inauzwa kando. Bila hiyo, RNA hupandisha vipimo vya spektrofotometa, na anayeandaa maktaba za ddRAD (njia ya kusoma sehemu chache tu za jenomu) huanza na DNA pungufu akidhani imetosha. Pima kwa fluorometa, inayopima DNA kwa rangi inayong'aa. Anayetaka kuunganisha jenomu nzima kwa usomaji wa vipande virefu atafute njia nyingine: DNA inayopita kwenye utando huu haivuki besi elfu 50 hivi.