Kabla hujanunua programu ya kufuatilia usakinishaji, uliza inarekodi mabadiliko ya nani

Msimu wa mitihani ya majaribio, duka langu la kuchapa na kutoa kopi lilikaa siku mbili bila printa. Walimu wamejaa mlangoni na flashi zao, mimi nabadilisha waya na wino nikidhani mashine imekufa. Printa ilikuwa nzima. Kilichoniangusha ni programu niliyoilipia ili iweke kompyuta safi: inaandika kila kinachobadilika programu nyingine inaposakinishwa, ili ukija kuiondoa hiyo nyingine yafutwe yote.

Ilikuwa hivi. Nilisakinisha programu ya kuhariri picha kwa majaribio, na ile niliyoinunua ikawa inafuatilia kila kinachobadilika. Baada ya wiki sikuipenda ya picha, nikaamuru iondolewe yote. Ikaondoka kweli, ikaondoka pamoja na funguo za rejista (pale Windows inapotunza mipangilio yake) za draiva ya printa, yaani programu ndogo inayoiwezesha kompyuta kuongea na printa. Kumbe siku ile ya kusakinisha, Windows Update nayo ilikuwa inashusha draiva mpya bila kuniambia, na kwenye kumbukumbu kila kitu kikaandikwa kwa jina la programu ya picha.

Tangu nisimulie mkasa huo, wasomaji watatu wameniandikia yaliyowakuta: mmoja alipoteza fonti, wawili antivairasi zao ziligoma kuwaka. Kwa hiyo leo sitazungumzia mwonekano wala kasi, hayo utayaona mwenyewe. Nazungumzia jambo moja tu ambalo wauzaji hawaligusi.

Programu hizi hufanya kazi kwa njia mbili. Ya kwanza hupiga picha ya rejista na mafolda, yaani huorodhesha vilivyomo kwa wakati huo, kabla ya kusakinisha, ikapiga nyingine baada, kisha ikalinganisha. Tatizo ni kwamba picha haijui nani kafanya nini. Kivinjari kikijisasisha katikati, antivairasi ikishusha orodha mpya, Windows ikiandika mambo yake, yote yanaingia humo. Njia ya pili humfuata msakinishaji mwenyewe, yaani lile faili linaloingiza programu kwenye kompyuta, anapofanya kazi, ikaandika anachogusa yeye. Haichafuki kirahisi hivyo, ila inaweza kukosa yanayofanyika baadaye, kwa mfano kompyuta ikizimwa na kuwashwa, au programu inapofunguliwa mara ya kwanza.

Huniamini? Chukua Regshot, ni ya bure na ndogo sana. Piga picha ya kwanza, kaa dakika tano bila kusakinisha chochote, piga ya pili, bonyeza ilinganishe. Utakuta mistari kibao iliyobadilika na wewe hukugusa kitu. Sasa fikiria mistari hiyo inafutwa.

Namba moja kwangu ni Revo Uninstaller Pro, na sioni haya kusema naipendelea. Inatumia njia ya pili. Unabonyeza faili la usakinishaji kwa kitufe cha kulia cha mausi, unachagua lisakinishwe kupitia Revo, nayo inafuatilia hadi mwisho. Ukija kuondoa, inakuonyesha orodha ya faili na funguo, unatoa alama kwenye usichokiamini. Kabla ya kufuta hutengeneza sehemu ya kurejea ya Windows (restore point), ili mambo yakiharibika uirudishe kompyuta ilivyokuwa, na nakala ya rejista, na hilo peke yake lingeniokoa zile siku mbili. Angalia sana neno Pro: toleo la bure la Revo halina huo ufuatiliaji. Linaondoa programu na kutafuta mabaki kwa kukisia tu. Dada mmoja alilishusha akidhani ni kitu kilekile, akaja kunilaumu.

Namba mbili, Total Uninstall. Hii ni ya picha mbili, lakini imetengenezwa kwa uangalifu. Inakupangia mabadiliko kama matawi ya mti, unayapitia moja moja, na unaweza kuiambia isiangalie baadhi ya sehemu. Inafaa kwa programu zinazotaka kompyuta iwashwe upya, kwa sababu picha ya pili unaipiga ukishamaliza yote. Ukiinunua, jizoeze hivi: zima intaneti, funga kivinjari na WhatsApp ya kompyuta, simamisha masasisho ya Windows, ndipo upige picha ya kwanza. Mtu asiye na subira ya kusoma orodha asiiguse.

Namba tatu, Ashampoo UnInstaller kutoka Ujerumani. Nayo inaweka kumbukumbu za usakinishaji, lakini imebeba vifaa vya usafi vingi ambavyo sikuvihitaji, na unavilipia.

Za bure: Regshot inaonyesha tu, haifuti. Geek Uninstaller na Bulk Crap Uninstaller zinaondoa vizuri na kusafisha mabaki, ila hazikufuatilii usakinishaji tangu mwanzo.

Sasa bei, maana hapa ndipo ninapoumia. Leseni zinauzwa kwa dola, baadhi ni za mwaka mmoja, na ya kawaida ni kwa kompyuta moja. Mimi nina tatu. Ukilipa kwa kadi, benki nayo inachukua chake kwenye kubadilisha fedha. Ndiyo maana watu wanakimbilia vibanda vya mafundi wa kupiga Windows, ambako unapewa iliyovunjwa, yaani iliyoondolewa kufuli la leseni, kwenye flashi kwa bei ya chakula cha mchana. Msikubali. Programu ya aina hii unaipa mamlaka yote juu ya kompyuta, inasoma na kufuta popote. Aliyeivunja anaweza kuingiza lake humo ndani, na hakuna wa kulifuatilia.

Na yule aliyeniuzia mimi ile ya kwanza, kwa risiti halali, nilimrudia siku ya pili. Nikamuuliza inarekodi kwa picha au inamfuata msakinishaji. Hakujua. Nikaomba hela yangu, akanijibu namba ya leseni ikishafunguliwa hairudishwi. Zote nilizozitaja za kulipia zina muda wa kujaribu bure, na yeye hakunitajia hata moja.