Nimezisikiliza diski zote tano za Bryan Ferry

Nimeimba taarabu Mombasa kwa miaka 31, harusini zaidi kuliko majukwaani, na tangu mwaka juzi kuna nyimbo mbili ambazo nimeziweka kando. Nikifika pale kibwagizo kinapopanda, kifua kinakataa. Kwa hiyo mwanangu aliponiletea kutoka Leicester sanduku la nyimbo za mwimbaji Mwingereza Bryan Ferry, Retrospective: Selected Recordings 1973–2023, sikuketi kulisikiliza kama mpenzi wake wa siku nyingi tu. Nililisikiliza kama fundi anayekagua kazi ya fundi aliyemtangulia. Nilitaka kujua huyu mzee alifanya nini sauti ilipoanza kumpungukia.

Sanduku lilitolewa Oktoba 2024. Lina nyimbo 81 katika diski tano: ya kwanza ni zile zilizovuma, ya pili alizozitunga mwenyewe, ya tatu za watunzi wengine, ya nne za okestra yake, na ya tano ni vitu adimu na ambavyo havikuwahi kutoka. Hapo ndipo penye lalamiko langu kubwa. Waliopanga wamefuata aina ya kazi, si miaka, na kwa mtu mwenye nusu karne ya uimbaji wamekatakata safari yake vipande. Ukitaka kumsikia wa 1973, kisha wa 1985, kisha wa 2018, kazi yako ni kuinuka kila mara kubadilisha diski. Nikachukua karatasi, nikaandika nyimbo kwa mfuatano wa miaka, nikazisikiliza hivyo kwa usiku nne. Nakushauri ufanye vivyo hivyo. Ni kama kusikia sanduku jingine kabisa.

Lipo jambo la kujua kabla hujatoa pesa. Sanduku hili ni la Ferry peke yake, santuri za Roxy Music, kikundi chake, hazimo. Na Roxy Music ndiko alikotokea. Ferry alizaliwa 1945 huko Washington, kaunti ya Durham, kaskazini mwa Uingereza, baba yake akiwa mtunzaji wa farasi wa migodini. Akasomea sanaa Newcastle chini ya mchoraji Richard Hamilton, akafundisha ufinyanzi katika shule moja London, kisha 1972 kikundi chake kikatoa santuri ya kwanza. Huo ulikuwa wakati wa glam, wanaume wa Kiingereza wamejipaka wanja na kuvaa nguo za kumetameta na viatu vya visigino virefu. Wimbo wao wa kwanza kuvuma, "Virginia Plain", ulifika nafasi ya 4 Uingereza, na jina lake linatokana na picha aliyoichora mwenyewe akiwa mwanafunzi. Hauna kibwagizo. Jina la wimbo linatajwa mara moja tu, mwishoni kabisa, na muziki unakatika papo hapo. Mimi niliyelelewa kwenye vibwagizo nilipousikia mara ya kwanza nilidhani kanda imekatika. Kama hujapata kuisikia santuri hiyo ya 1972, anza nayo, ndipo uje kwenye sanduku.

Sasa twende 1973. Anaimba "A Hard Rain's A-Gonna Fall" ya Bob Dylan. Dylan aliuimba na gitaa tu, kwa uzito. Ferry anauingiza mchakamchaka, fidla juu, waitikiaji wanawake nyuma, na sauti yake inatetemeka mwisho wa kila neno kama mtu mwenye homa aliyevaa suti. Watu wengine hawaipendi sauti hiyo. Mimi naipenda sana, maana haombi ruhusa. Mwaka uliofuata akapigwa picha ya jalada kando ya bwawa la kuogelea, koti jeupe, tai ya kipepeo. Mwimbaji wa harusi anaielewa picha hiyo bila kufafanuliwa: nguo huimba kabla yako.

Mwaka 1985 ndio nilioujua kwanza, kwa sababu ami yangu alikuwa baharia na alirudi na kanda ya Boys and Girls. Tuliicheza mpaka maandishi yakafutika. Siku zile niliona ni muziki wa raha tu. Safari hii nimesikia kazi yenyewe. Katika "Slave to Love" ile homa imekwisha. Amesogea karibu na kipaza sauti, anaimba kwa pumzi zaidi kuliko kwa koo, na magitaa na vinanda vimetandazwa tabaka juu ya tabaka kama mikeka. Pale panapohitaji kupandwa, amewaachia waitikiaji mlima, yeye anatembea bondeni. Na bado masikio yote yako kwake.

Nilimwekea mpiga udi wetu wimbo huo bila kumwambia ni nani. Akafumba macho mpaka mwisho.

"Maalim, huyu haimbii ukumbi," akasema. "Huyu anasema na mtu mmoja."

"Na ukumbi je?"

"Ukumbi unatega sikio, Maalim. Ndiyo maana umenyamaza."

Nyimbo za miaka ya tisini sikuzipenda, nitasema wazi. Santuri ya Mamouna ya 1994 ilimchukua miaka mingi studioni na inasikika hivyo, imepigwa msasa hadi vidole vya wapigaji havionekani tena.

Wakenya wengi wanaikumbuka ndege ya British Airways iliyotoka London kuja Nairobi mwisho wa Desemba 2000, abiria mmoja akaingia chumba cha rubani, ndege ikaporomoka angani kabla ya kudhibitiwa na kufika salama. Ferry na familia yake walikuwa ndani. Kila nikisikia nyimbo zake za baada ya hapo, nakumbuka kwamba zilikaribia kutokuwepo.

Diski ya nne ndiyo itakayowagawa wasikilizaji. Mwaka 2012 alichukua nyimbo zake za zamani, zikapangwa upya na mpiga piano Colin Good kwa mtindo wa jazi ya miaka ya 1920, tarumbeta na klarineti, na mwenye nyimbo haimbi hata neno. Mwanzoni niliudhika. Mwimbaji gani anayajaza matoleo yake na kimya chake? Halafu nikafika kwenye kazi za 2018, Bitter-Sweet, ambamo anarudi kuimba katikati ya vyombo vilevile, na sauti imekuwa nyembamba kama karatasi ya kufungia kashata. Haitetemeki kwa madaha tena, inatetemeka kwa umri, naye haifichi. Kwangu hapo ndipo palipo na thamani ya sanduku lote. Sogelea spika, zima feni, usikilize anavyovuta pumzi kabla ya kila mstari.

Dylan amerudi pia, "She Belongs to Me". Weka wimbo huu mara baada ya ule wa 1973. Mtunzi ni yuleyule na mwimbaji ni yuleyule, ila wa kwanza anausukuma wimbo mbele yake, na wa pili anauacha upite, anaushika mkono tu. Mwezi Machi 2025 akaenda mbali zaidi: katika santuri ya Loose Talk maneno anayasema msanii Amelia Barratt, naye Ferry, mwenye miaka 79, amebaki na muziki.

Kama mfuko hauruhusu, lipo toleo fupi. Ila lina nyimbo chache mno kwa mtu anayetaka kusikia sauti ikibadilika.

Jumamosi tuna harusi Kibokoni. Moja ya zile nyimbo mbili nimeirudisha kwenye orodha. Mpiga udi ameishusha, akalegeza na nyuzi mbili huku akinung'unika, na kibwagizo watakibeba waitikiaji.