Semina ya mawakili wa kesi za madai, Lubumbashi: siku ya pili ndiyo iliyostahili fedha

Nililipa dola 50, chai na chakula cha mchana vikiwemo, kwa semina ya siku mbili iliyoahidi kumfundisha wakili asiyaamini kupita kiasi maneno anayolipwa kuyasema. Siku ya kwanza sina mengi ya kuisifia, kwa sababu mwezeshaji alitusomea karatasi zake neno kwa neno, na umeme ulipokatika feni zikasimama, yeye akaendelea kusoma.

Siku ya pili kila meza ilipewa faili moja la parseli (kiwanja) ya mtaa wa Ruashi, ambapo mama mmoja ana sertifika, yaani hati ya usajili wa ardhi, na jirani yake ana mkataba wa kununua na miaka mingi ya kukaa pale. Baadhi yetu tuliambiwa tunamtetea nani kabla ya kusoma, wengine baada ya kusoma, kisha kila mmoja akaandika kwenye kikaratasi fidia anayodhani jaji ataitoa. Mimi nilikuwa upande wa mnunuzi, nikaupigia mkataba mistari miwili ya wino mwekundu. Mwenzangu wa kulia aliweka kidole juu ya sertifika akaniuliza, "Maître, tarehe hii umeiona?" Sikuwa nimeiona, ingawa najua vizuri kwamba kwa sheria yetu ya ardhi ya 1973 sertifika iliyokwisha kupita miaka miwili tangu itolewe ni vigumu sana kuishambulia.

Zoezi hilo limetokana na utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 1995 na Linda Babcock, George Loewenstein, Samuel Issacharoff na Colin Camerer, kuhusu kesi ya pikipiki iliyogongana na gari. Waliojua upande wao kabla ya kusoma walishindwa kupatana katika asilimia 28 ya mazungumzo, ilhali waliojulishwa baada ya kusoma walishindwa katika asilimia 6 tu. Katika jaribio lililofuata, kuwataka wahusika waorodheshe udhaifu wa kesi yao wenyewe kuliteremsha kushindwa huko kutoka asilimia 35 hadi 4.

Mwezeshaji aliuza orodha hiyo kama dawa iliyokwisha kuthibitishwa, na hapo ndipo ninapomlaumu. Mwaka 2010 ulitoka utafiti mwingine juu ya mawakili 481 wa Marekani wenye kesi za kweli mikononi: asilimia 44 walipata pungufu ya lengo la chini walilojiwekea, na kuwaambia waandike sababu za kushindwa hakukuyarekebisha makadirio yao. Alipaswa kututajia hilo, maana wakili aliyekaa mwaka mzima na mteja wake, akala naye hata bukari (ugali), huorodhesha udhaifu wa adabu tu, ule usiomuumiza mtu.

Kwa hiyo sikuichukua orodha, nilichukua ile mbinu ya kusoma kabla ya kujua upande. Katika ofisi yetu ndogo karani sasa hufunika barua ya mteja na kumpa mwenzangu nyaraka za pande zote mbili, naye huniandikia hukumu ambayo angeitoa kabla sijaanza kuandika hoja zangu. Mara mbili tayari amenikasirisha.

Waandaaji wakiifupisha semina ikabaki siku moja, hiyo ya pili, nitampeleka stajieri wangu, wakili anayejifunza kazi kwangu, hata kwa bei ileile.