Duka la matairi jirani na soko la Majengo, Dodoma: jina Dunlop linapoelezwa kabla ya kuuzwa

Duka hili la matairi ya baiskeli na pikipiki, lililo karibu na soko la Majengo, ninalipendekeza kwa moyo wote, kwa sababu mzee mwenye duka, ambaye humsalimu kila mteja kwa "mbukwenyi" kabla ya kumuuliza shida yake, huuza tairi lenyewe na si jina lililoandikwa ubavuni. Nilipoomba Dunlop, jina nililolizoea tangu utotoni, alinieleza kwanza kwamba huo ni ukoo wa Uskoti na kwamba alama hiyo leo imegawanyika mikononi mwa kampuni mbalimbali duniani, hivyo jina peke yake halimhakikishii mnunuzi ubora.

Historia anayowasimulia wateja ni ya kweli. John Boyd Dunlop alizaliwa mwaka 1840 Dreghorn, Uskoti, akawa daktari wa mifugo mjini Belfast, na mwaka 1887 alifunga mipira iliyojazwa upepo kwenye baiskeli ya magurudumu matatu ya mwanawe ili isimrushe njiani. Alipata hataza, yaani haki ya kisheria ya mvumbuzi, mwaka 1888, lakini baadaye ilibatilishwa, kwa kuwa Mskoti mwingine, Robert William Thomson, alikwisha kusajili wazo hilohilo mwaka 1845. Naona ni haki Thomson atajwe dukani humo, ingawa wazo lake lilitangulia mno, wakati baiskeli zilikuwa bado hazijaenea. La Dunlop lilikuta soko tayari, na ushindi wa mwendesha baiskeli William Hume mjini Belfast mwaka 1889 uliwavuta wengi.

Lipo pia jibini la Dunlop, lililopewa jina la kijiji cha Ayrshire, lakini vijana wa bodaboda wanaosubiri kuzibiwa pancha huvutiwa zaidi na Joey Dunlop wa Ireland ya Kaskazini, aliyeshinda mara 26 mbio za pikipiki za TT za kisiwa cha Man kabla ya kufariki mashindanoni nchini Estonia mwaka 2000, na mpwa wake Michael, aliyeivuka rekodi hiyo mwaka 2024. Mzee hutumia simulizi hiyo kuwahimiza kukagua kashata (meno) za tairi na upepo kila asubuhi, jambo ambalo ni uhai wa abiria wao.

Ufundi wenyewe ni wa kuaminika. Kabla ya kuweka tyubu mpya, fundi hupitisha kitambaa ndani ya tairi lote, akitafuta ncha za miiba ya migunga zilizovunjikia humo, kisha huzing'oa kwa koleo. Katika mkoa huu, ambako wakulima wa zabibu wa Hombolo hupita vichochoro vyenye miiba, anayeruka hatua hiyo humrudisha mteja njiani kusukuma baiskeli. Tyubu huzamishwa kwenye beseni la maji mbele yako, na kiraka hakibandikwi mpaka solusheni ikauke vizuri.

Kasoro niliyoiona ni bei kutobandikwa ukutani, na risiti hutolewa ukiiomba tu. Anayetumwa na kikundi aiombe kabla ya kulipa, na aje na kipimo cha tairi lake la zamani, kwa maana ukubwa wa 28 una mapana tofauti na mzee hakubali kukisia.