Vidonge vya sinarizini kwenye mashua ya Faza: uzoefu wangu

Mimi ni mtu wa Langoni, mjini Lamu, nimezaliwa nikiiona bahari kila siku, na bado bahari hunilevya. Dadangu ameolewa Faza, kisiwani Pate, kwa hiyo kila mwaka sina budi kupanda mashua ya abiria, na kila mwaka nilikuwa nikifika nina jasho baridi, buibui limechafuka, siwezi hata kuamkiana na wenyeji. Ndani ya Mkanda, pale kati ya Manda na bara, huwa sina neno: maji yametulia na mikoko iko pande zote. Tabu huanza tukitokeza nje, hasa wakati wa kusi, mawimbi yakipiga ubavuni na moshi wa dizeli ukinijia puani.

Kwa miaka mingi nilitumia promethazini. Inazuia kutapika, hilo siwezi kulikana, lakini usingizi wake ni mzito mno. Safari moja nilikuwa nimempakata mwanangu mdogo nikasinzia, na mama aliyekaa karibu nami ndiye aliyemdaka akiteleza mapajani. Tangu siku ile sikuitaka tena.

Agosti iliyopita mwenye duka moja la dawa aliniuliza jambo ambalo sikuwahi kuulizwa: "Dada, kidonge wakimeza wakati gani?" Nikamwambia, roho ikianza kunichafuka. "Basi hapo ushachelewa." Akanieleza kuwa kigegezi kikishaanza, tumbo hupunguza kazi yake, na dawa hukaa mle mle au hutoka na matapishi. Tena chanzo chenyewe hakiko tumboni. Sehemu ya ndani ya sikio, ile inayopima mizani ya mwili, inahisi chombo kikipanda na kushuka, na macho yanatazama mizigo iliyotulia mbele yako; ubongo unaletewa habari mbili zinazopingana. Akanipa sinarizini, dawa ya kuzuia kutapika safarini, ya miligramu 25.

Mashua ilikuwa iondoke saa nne asubuhi, maji yakiwa yamejaa Mkandani. Nilimeza kimoja saa mbili, baada ya chai na kipande cha mkate wa mofa. Nikakaa katikati ya chombo, maana omo, yaani mbele, hurushwa zaidi, na tezini, kule nyuma, kuna injini, nikakaza macho kwenye pwani ya Pate wala simu sikuigusa. Kigegezi kilinijia mara moja tu, kikapita. Nilifika Faza nikala wali wa nazi na samaki mchana ule ule! Dadangu alinishangaa.

Madhara niliyoyaona ni mdomo kukauka na uzito kidogo wa macho, si ule usingizi wa promethazini. Wakati wa kurudi nilisahau, nikameza nikiwa tayari gatini, nikatapika kabla hatujaingia Mkandani. Tangawizi bado natafuna, lakini peke yake hunitosha kwenda Shela kwa mashua tu, si zaidi.

Mwanangu sikumpa, kwani watoto chini ya miaka mitano hawapewi dawa hii. Mwenye ugonjwa wa Parkinson asiitumie, na mjamzito aulize kwanza kwa daktari. Nahodha naye asiimeze akiwa kazini, kwa sababu inaweza kumlevya usingizi.

Harusi ya mpwa wangu ni mwezi ujao, katikati ya kaskazi. Vidonge vimo mkobani, na saa ya kumeza nimeshaiandika juu ya pakiti.