Maziwa na Asali Mjini Nakuru

Juu ya mlango wa duka dogo lililo karibu na stendi ya matatu mjini Nakuru pamechorwa kwa rangi ya samawati maneno "Nchi ya Maziwa na Asali". Ni ahadi nzito, kwa kuwa ndivyo kitabu cha Kutoka kinavyoieleza Kanaani waliyoahidiwa Waisraeli, na msomaji wa Kurani naye huikuta mito ya maziwa na ya asali ikitajwa Peponi katika sura ya 47.

Nenda kwanza kwa ajili ya mursik, maziwa yaliyochachushwa ya Wakalenjin. Huletwa ndani ya vibuyu vilivyosuguliwa kwa makaa ya mti ambao Wakalenjin huuita senetwet, na inapomiminwa kwenye bilauri utaona chembe za kijivu na kunusa moshi kabla ya uchachu wake kukufikia. Nililipa shilingi 80, nikaila na ugali wa moto na managu, na sijaonja iliyo bora kuliko hiyo mjini humu.

Ulaya ya zama za kati ilikuwa na nchi yake ya neema, ambayo Wafaransa waliiita Cocagne, Wajerumani Schlaraffenland na Waholanzi Luilekkerland, jina linalounganisha uvivu na utamu. Pieter Bruegel aliichora mwaka 1567: askari, mkulima na msomi wamelala chini wakiwa wameshiba, huku nguruwe akipita na kisu tayari ubavuni. Humo chakula hujileta chenyewe. Jina la maziwa na asali ni tofauti, na kwangu ni bora zaidi, kwa sababu linataja malisho na maua, kisha linamwachia mtu kazi ya kukama na kurina. Kazi hiyo inaonekana katika kila kibuyu cha duka hili.

Kuhusu asali nilikuwa na wasiwasi, maana niliwahi kuuziwa kwingine sukari iliyochemshwa. Hata asali ya Kanaani imezua mjadala: wapo wasomi wanaosema ilikuwa ya tende, ingawa mwaka 2007 ilitangazwa kwamba mizinga ya udongo yenye umri wa karibu miaka 3,000 imefukuliwa Tel Rehov, Israeli. Hapa ni asali ya nyuki bila shaka, nyeusi kiasi na nzito, ambayo mama muuzaji alinieleza kuwa hurinwa Baringo. Ikiganda usiirudishe, kwani baridi ya Nakuru huigandisha hata asali safi, na maji ya uvuguvugu huilainisha tena. Kasoro ni kwamba chupa hazionyeshi mahali wala mwezi iliporinwa, jambo ambalo mnunuzi ana haki ya kulijua.

Jumamosi mursik huisha kabla ya saa sita mchana. Ukifika mapema na chupa yako mwenyewe, mama atakupunguzia shilingi 20.